Mtoto wa Karungu Aliyekula kwa Mkono wa Kulia

Mama Dorina amepita miaka themanini na hana nyumba katika boma la mumewe. Wa kumjengea wapo. Nguzo zimekatwa, mabati yamenunuliwa, na wanawe wameacha shughuli zao mara mbili, wakaja na misumari wakarudi nayo. Kinachozuia ni picha nyeusi-nyeupe ya mtoto anayekula ugali, niliyoipiga mimi nikiwa na miaka ishirini na kitu. Wazee wa ukoo wameishika kama shahidi. Mimi niliyeipiga, nikaiosha na kuianika kwa kibanio cha nguo, siwezi kuwaambia kama shahidi huyo anasema kweli.

Asiyejua mambo ya huku aelewe uzito wake. Mwanamke wa Kijaluo akifa bila nyumba kwa mumewe, hazikwi mpaka asimamishiwe nyumba kwanza, hata iwe ya siku moja. Na nyumba hiyo haisimami popote. Kila mke ana upande wake wa boma. Dorina anataka yake isimame akiwa hai, aingie, alale humo. Anasema hataki kujengewa na watu wenye haraka ya kumzika.

Nimefunga studio yangu ya Homa Bay mwaka huu kwa sababu ya macho. Vijana wa kazi hii waliniomba niwaandikie, na nadhani walitaka kusikia habari za lenzi na taa. Zimo, kiasi. Lakini miaka yote hiyo imekuja kusimama kwenye picha moja, na ili muelewe nilivyofika hapo itabidi nianze mbali.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Joram, Msabato kutoka upande wa Kendu, mwenye studio ya chumba kimoja na nusu si mbali na gati la Homa Bay. Nusu ndiyo ilikuwa chumba cha giza. Siku ya kwanza hakuniuliza kama napenda picha.

"Umesoma?"

"Nimemaliza la saba."

"Unaogopa giza?"

"Hapana."

"Utaogopa. Ingia."

Akanifungia humo, akaenda kunywa chai. Hapakuwa na hata ile balbu nyekundu. Nilikaa mpaka nikachoka kuogopa, nikaanza kupapasa: meza, sinia tatu, chupa, mkasi, kamba juu ya kichwa. Aliporudi hakufungua mlango. Alisimama nje akaniuliza mkasi uko wapi, sinia ya maji ni ya ngapi kutoka ukutani. Nilimjibu. Ndipo akafungua, akanipa chai iliyobaki. Hiyo ndiyo shule yangu, na sijaona iliyo bora zaidi. Mtu asiyejua vitu vyake viko wapi gizani atachoma filamu ya watu, halafu atasema ilikuwa mbovu.

Somo la pili lilikuwa la filamu yenyewe. Filamu ina nyuso mbili, mmoja unang'aa na mmoja umefifia. Ukiiweka kwenye mashine ya kukuza, unaong'aa uangalie juu kwenye taa, uliofifia uangalie karatasi. Ukikosea, picha itatoka vizuri kabisa, safi, kali, ila kulia kutakuwa kushoto. Joram aliniambia hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu halina dalili. Picha iliyoungua utaiona. Iliyogeuka inakutazama usoni na hujui.

Maji tulichota ziwani, tukayachuja kwa kitambaa mara mbili, la sivyo magamba ya omena, wale dagaa wa ziwani, yangekaa kwenye mashavu ya bibi harusi. Jumamosi hatukufungua. Wakatoliki walikuja Jumapili baada ya misa, na Joram alipenda kusema kwamba Mungu alitengeneza madhehebu mawili ili mpiga picha apate siku moja ya kupumzika.

Ukutani tulikuwa na turubai lililochorwa ngazi za ndege. Watu wa Homa Bay wote, ukitazama picha zao za wakati ule, wanashuka kutoka kwenye ndege moja. Walisimama, wakakaza shingo, wakaacha kupumua. Mlio wa kamera ukishasikika walipumua, na hapo ndipo nilipoona sura zao. Baba aliyekuwa amesimama kama mlinzi anainama kumfunga mtoto kiatu. Mama anamfuta mtoto makamasi kwa leso na huku anamcheka. Siku moja Joram alikuwa nje anaongea na mtu, nikapiga ile ya makamasi. Alipoiona kwenye maji aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Nani atanunua makamasi?"

Hakuna aliyeinunua. Lakini Joram aliitundika chumba cha giza, upande wake, na haikutoka pale mpaka alipokufa. Aliziita picha za kuvizia. Nami nimeziita hivyo maisha yangu yote, ingawa nyinyi mna jina la Kizungu.

Baada ya miaka kadhaa alinipa kamera ndogo, ile ya filamu ya picha thelathini na sita, yenye mlio wa chini, akanituma nje. Wazee na watoto wa vijijini hawawezi kuja mjini, alisema, basi wafuate. Nilikwenda. Nilipita Migori yote mpaka kwa Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania, nikavuka maji hadi kisiwa cha Mfangano, nikafika hata kisiwa kidogo cha Remba, ambako watu wamebanana hadi ukirudi hatua moja nyuma upate picha nzima unakanyaga sufuria ya mtu.

Namna ya kufanya kazi hii haina siri. Usifike na kamera usoni. Kaa jikoni, pewa mboga uchambue, uchambue kweli. Kamera iwe mapajani. Watoto watakuja kuitazama, watakuuliza maswali, watakuzoea, kisha watakuchoka. Wakikuchoka, anza. Mwanamume angefukuzwa jikoni. Mimi nilipewa kisu. Wanawake walinizoea wakaniita Nyar Picha, yaani binti wa picha, na jina hilo limekaa mpaka leo. Mwenye duka anayeniuzia sukari hajui lingine.

Si kwamba picha zilipendwa. Watu walitaka kujipanga. Baba mmoja wa Kikuria alizirudisha zote kwa sababu katika picha hizo ng'ombe walionekana vizuri kuliko yeye. Nikamwambia ng'ombe hawakujua napiga. Akaniambia, "Na mimi nilijua, kwa nini hukunisaidia?"

Kisa kigumu kilitokea Migori mjini. Nilipiga watoto wa mwalimu mmoja, na mama yao akaikataa picha ya kitinda mimba, msichana wa miaka minne aliyekuwa amekaa kwenye vumbi akilia mdomo wazi, kaptula imechanika. Alisema ni aibu. Niliiacha filamu kwenye bahasha. Miezi michache baadaye mwalimu alikuja Homa Bay peke yake. Alikaa kwenye benchi la studio, kofia mkononi.

"Ile anayolia," alisema. "Bado unayo?"

Nilijua kabla hajasema. Malaria. Hawakuwa na picha nyingine ya mtoto huyo. Niliikuza kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu. Alipoipokea hakuitazama, aliikunja ndani ya gazeti akaondoka. Tangu siku hiyo sikutupa filamu hata moja. Kila moja iliingia kwenye bahasha yenye namba, na kila namba iliingia kwenye daftari: mahali, familia, nani yumo. Nilikuwa mtu wa mpangilio. Naandika hivi si kwa kujisifu, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio ulioniangusha.

Sasa nifike kwenye mkono wa kushoto. Mnajua mtoto wa kwetu akila kwa kushoto anavyofanywa. Anapigwa kofi, mkono unafungwa kitambaa, bibi anamwita majina. Anayevizia watoto wakila lazima awaone hao, na niliwaona. Mama mmoja wa Mfangano alinirudishia picha mlangoni, hata hakuingia.

"Umemfanya mwanangu ale na kushoto."

"Mama, ndivyo alivyokuwa anakula."

"Najua anavyokula. Nilikuita unionyeshe ninachokijua? Hii bibi yake ataiona, na mjomba wake ataiona. Watasema sikumfunza."

Nilimpelekea Joram shida hiyo. Aliichukua filamu, akaigeuza kwenye mashine, uliofifia juu, unaong'aa chini. Mtoto akatoka anakula kwa kulia kama mtoto wa mchungaji. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hili ni kosa baya kuliko yote.

"Kosa ni usilolijua," alisema. "Hili tunalijua. Liandike."

Mama wa Mfangano alifurahi. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umehama upande, na hakuuona. Basi nikafanya hivyo kwa mwingine na mwingine. Kila nilipogeuza niliweka alama ya msalaba mdogo kwenye daftari, pembeni ya namba. Sikuona dhambi. Mtoto aliepushiwa kofi moja, na mama aliepushiwa maneno. Baadaye hata hawakuhitaji kulalamika. Nikiona kushoto nageuza, mkono wenyewe unafanya, kama mtu anayekunja mkeka. Na kwa sababu mkono ulifanya wenyewe, kuna siku niliacha kuweka misalaba. Siijui ni siku gani. Naona tu kwenye daftari misalaba inapungua, inapotea, na majina yanaendelea.

Picha ya Karungu iko katika miaka hiyo. Daftari linasema: Karungu, boma la Okeyo, mtoto wa mikayi. Mikayi ni mke wa kwanza. Yeye ndiye aliyeniita, nimpigie kitinda mimba wake, Ouma. Nakumbuka nilisimama karibu na lango kwa sababu moshi ulinitoa jikoni. Nakumbuka mbwa aliyelala juu ya mguu wangu. Mtoto yuko mbele, amechuchumaa, tonge linaingia mdomoni. Nyuma yake ni nyumba kubwa ya mikayi, na kando ya hiyo nyumba ndogo ya nyasi, na mlangoni mwake msichana mwembamba anacheka kitu kilicho nje ya picha. Huyo ndiye Dorina, mke mwingine wa Okeyo. Wakati ule hakuwa kitu kwangu, alikuwa weupe fulani unaosaidia nyuma ya picha isiwe nzito. Kingo nilizikata wakati wa kukuza ili mtoto aonekane. Joram aliipenda picha hiyo. Mikayi aliiweka kwenye sanduku lake la bati.

Joram alikufa, studio ikabaki mikononi mwangu. Rangi zikaja, na nyeusi-nyeupe zikawa za pasipoti na za wazee wasioamini rangi. Kisha simu zikaja, na kila mtu akawa anavizia mwenziwe. Sina chuki nazo. Ila nilichoka kueleza kwa nini picha moja inachukua siku tatu. Niliendelea kupiga zangu za watoto nyeusi-nyeupe, nyingi hakuna aliyeziomba. Halafu ziwa likapanda, lile lililowatoa watu majumbani ufukweni, na likaingia kwenye stoo yangu. Daftari zilikuwa juu ya kabati, zikapona. Bahasha zilikuwa chini. Nilipofungua, filamu za miaka kumi na minne zilikuwa zimeshikana na kuwa kitu kimoja, kizito, chenye harufu ya kuvu. Nilijaribu kuzitenganisha kwa maji ya uvuguvugu, kisha kwa wembe. Ya Karungu ilikuwemo.

Miaka miwili iliyopita mwanamke wa makamo alikuja studio akimshika mkono bibi mrefu aliyekauka kama samaki wa Remba. Na kweli alitoka Remba. Alikuwa amekaa huko miaka mingi akiuza samaki, na sasa anakaa na binti yake hapa Homa Bay. Bibi alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Nyar Picha? Umezeeka."

"Nawe pia, mama."

"Mimi nilikuwa na kazi. Wewe ulikuwa umekaa."

Ndivyo nilivyokutana na Dorina mara ya pili. Alisema mambo yake kwa mpangilio kuliko mimi. Mikayi wa Okeyo amekufa, Okeyo amekufa. Wamebaki yeye na mke mwenziwe, Perez. Katika ukoo ule, ukiingia langoni, mke wa pili hujenga kulia kwa nyumba ya mikayi, wa tatu kushoto. Dorina anasema yeye alikuwa wa pili, nyumba yake ilisimama kulia, na alipokwenda Remba ikaanguka, Perez akahama kutoka kushoto kwake akajenga kulia. Wana wa Perez wanasema mama yao hakuhama popote, yeye ndiye wa pili, na Dorina ni wa tatu, na wako tayari kumjengea kesho asubuhi upande wa kushoto. Kila upande una shamba lake, lakini Dorina hakugusia shamba.

"Kunijengea kushoto ni kuniambia nilikuta mtu," alisema. "Sikukuta mtu. Nilikuta mikayi na kuku wake."

Wazee waliowaona wakiolewa wamekwisha, na watoto wa mikayi wamekwisha ila Ouma. Basi mjukuu wa mikayi akafungua sanduku la bibi yake, akatoa picha yangu. Katika picha hiyo nyumba ya Dorina iko kushoto.

Nilipoishika, wana wa Perez walikuwa tayari wamewaonyesha wazee, na wazee wamekubali kwamba kamera haina mama wa kumpendelea. Niliitazama kwa kioo cha kukuzia. Mtoto anakula kwa kulia. Kama Ouma alikuwa mtoto wa kulia, picha iko sawa, na Dorina alikuwa kushoto. Kama Ouma alikuwa mtoto wa kushoto, basi mimi niliigeuza, na Dorina alikuwa kulia, kama anavyosema. Nilikimbilia daftari. Pembeni ya namba hakuna msalaba. Lakini kurasa tatu nzima, kabla na baada, hazina msalaba hata mmoja, na najua katika kurasa hizo nimegeuza, kwa sababu mmoja wa watoto hao ni mpwa wangu, na mpwa wangu ni wa kushoto mpaka leo.

Nilimweleza Dorina. Nilidhani atakasirika. Alimgeukia binti yake.

"Unaona? Alikuwa wa kushoto, huyo Ouma. Nilimfunga mkono mwenyewe kwa kitambaa."

Ningependa kumwamini. Lakini hakuwahi kusema habari ya mkono wa Ouma mpaka nilipomwambia mkono unafaa kitu gani.

Basi nikafanya kama nilivyofanya siku zote, nikaenda kutazama. Picha yenyewe niliimaliza kwanza. Haina maandishi ambayo yangesomeka kinyume. Shati la mtoto halina vifungo vya kunionyesha upande, halina hata mkono mmoja. Kivuli kingeniambia, kama ningejua ilikuwa asubuhi au jioni. Dorina anasema asubuhi. Mwana mkubwa wa Perez, ambaye hakuwa amezaliwa, anasema jioni. Nilikwenda Karungu nikasimama langoni. Miti yote ya kwenye picha imekatwa. Palipokuwa na nyumba ya nyasi, pande zote mbili, udongo umelimwa.

Akabaki Ouma. Ni fundi wa mashua Mfangano, na boma la kwao halikanyagi ila kwa mazishi. Nilimkuta ufukweni akigonga msumari kwa mkono wa kushoto. Nikakaa kwenye gogo, nikamwacha anizoee, kama zamani. Mkewe alileta ugali na ngege, samaki wa ziwani. Akanawa, akala kwa kulia.

"Mbona unagonga na kushoto?" nilimuuliza.

"Bega la kulia liliteguka. Nilianguka kutoka kwenye mashua, ni miaka sasa."

"Na utotoni? Ulikuwa unakula na mkono gani?"

Alicheka. "Mama, umevuka ziwa kuniuliza hivyo?"

Nilimwonyesha picha. Aliifuta mikono kwanza ndipo akaishika. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hakuwa anatazama mkono.

"Nilikuwa na njaa hivi?" alisema. Kisha: "Nakumbuka nilichapwa. Nilichapwa sana. Lakini nani hakuchapwa? Kama ni sababu ya mkono au ni sababu ya kuacha mbuzi waingie mahindini, siwezi kukudanganya."

"Na nyumba hii ya nyuma, ilikuwa upande gani? Ukijaribu kukumbuka?"

"Nikijaribu nitakumbuka kile unachotaka. Nawajua mama zangu wote wawili. Walinilea. Usinifanye niwagawanye."

Nilirudi.

Wazee waliniita Karungu mwaka huu, baada ya mvua. Tulikaa kwenye nyumba ya mwana mkubwa wa Perez, makochi yamefunikwa vitambaa, televisheni inawaka bila sauti. Dorina aliletwa kwa gari la kukodi, akakalishwa karibu na mlango na mto mgongoni. Perez alikuwa jikoni, anapika chai ya wageni. Mwenyekiti wa wazee, mtu mpole aliyekuwa karani wa pamba, aliishika picha kwa pembe zake mbili.

"Nyar Picha, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Umeigeuza au hukuigeuza?"

Nilikuwa nimelala na swali hilo wiki mbili. Ningesema nimeigeuza, Dorina angekuwa na nyumba yake kulia kabla ya mwezi kwisha, na nani angenipinga? Hakuna mtu duniani anayejua. Nilimtazama. Naye alinitazama, akaniinulia kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia dereva twende. Lakini kama si kweli, ningekuwa nimemtoa Perez kwenye mahali pake pa kuzikwa, naye pia ni bibi, naye pia ana miguu iliyovimba.

"Sijui," nilisema.

"Hujui au hutaki?"

"Sijui, mzee. Niliacha kuandika."

Mwana mkubwa wa Perez alisema kwamba mtu asiyejua kazi yake hakustahili kuitwa. Hakusema kwa ubaya. Mwenyekiti aliweka picha mezani akasema kwamba basi hakuna atakayejenga upande wowote mpaka lipatikane neno la mtu aliyeona. Walipokuwa wanamwinua, Dorina alinigeukia.

"Ulikaa jikoni mwetu," aliniambia. "Ulikula mboga zetu. Macho yako yalikuwa wapi?"

Nilipeleka vikombe jikoni kwa sababu sikutaka kubaki na wanaume. Perez alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, mfupi, mnene, leso kichwani. Hatukuwa tumesemezana siku nzima. Alipokea vikombe kimoja kimoja.

"Umesema vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Hujui, umesema hujui."

"Mama, samahani kwa usumbufu huu."

"Wanangu wanasema, wazee wanasema, wewe umekwenda mpaka kwa Ouma kuuliza habari za mkono. Mmeuliza hata karatasi." Aliinua kifuniko cha sufuria, akakirudisha. "Mimi niko hapa. Chai ni mimi ninayepika. Umeona mtu akiniuliza?"

Nilisimama na kitambaa cha vikombe mkononi. Nilikuwa nimezunguka ziwa, nimepima kivuli, nimehesabu vifungo visivyokuwepo. Ni kweli, hata mimi sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimewasikia wanawe, nikadhani nimemsikia yeye.

"Basi nakuuliza mimi," nilisema. "Mlipoolewa, nani alimkuta nani?"

Alifungua mdomo. Mwanawe mdogo akaingia kuchukua birika, akasimama, akatutazama, akauliza tunaongea nini. Perez akamwambia tunaongea habari za miguu. Alipotoka na birika, yule mkubwa alikuwa tayari mlangoni, ameegemea, anachokoa meno.

Perez alinipa kikombe cha mwisho nikifute. "Niulize siku wasipokuwepo," alisema, midomo haisogei.

Dorina yuko Homa Bay kwa binti yake. Tangu mwezi uliopita hashuki kitandani, na binti yake amenipigia simu kuuliza kama kuna neno lolote. Nimekwenda Karungu mara tatu, bila kamera, nikisema nimekuja kusalimu. Mara zote tatu wana wa Perez walikuwa nyumbani, na mara ya tatu walinisindikiza wote wawili mpaka barabarani.